Mandolini ya 1917: kuitengeneza, kisha kuamua kama inabaki au inaondoka

Februari, kabla haijafika

Nimenunua mandolini (chombo kidogo cha nyuzi nane zilizopangwa jozi nne) ya zamani ya kampuni ya Gibson, modeli A, kwa kuiona pichani tu. Ni mbuzi kwenye gunia, sawa, lakini gunia lenyewe lilikuwa na matundu ya kutosha kuchungulia. Picha zilionyesha vanishi ambayo haijaguswa na mtu, shingo iliyokaa sawa na mwili, na kibao cha juu kisicho na ufa mrefu. Muuzaji si mpigaji. Ameirithi, imekaa juu ya kabati miaka nenda miaka rudi, na anachokitaka sasa ni nafasi juu ya kabati.

Mpango nauandika hapa ili baadaye nisijifanye sikuusema: naitengeneza, naipiga kidogo, naiuza. Tayari ninayo mandolini ya kisasa yenye matundu ya f, ndiyo ninayopigia blugrasi, muziki wa asili wa Marekani, na wenzangu, na mikono ninayo miwili tu.

Kuhusu usafirishaji nimemwomba muuzaji alegeze nyuzi zote nane bila kuzitoa, na zikishalegea achomoe daraja, kile kipande cha mbao kinachozibeba nyuzi, alifunge peke yake. Daraja la mandolini halibandikwi kwa gundi. Linashikwa na mgandamizo wa nyuzi basi, na likiachwa huru ndani ya sanduku linalorushwarushwa, litakikwaruza kibao cha juu njia nzima.

Februari, imefika

Sanduku nililiacha limefungwa usiku kucha lizoee hewa ya chumbani. Mbao nyembamba ikitolewa ghafla kwenye hewa nyingine inaweza kupasuka, na vanishi kongwe hupata nyufa ndogondogo kwa sababu hiyo hiyo.

Asubuhi nimefungua. Kibao cha juu kina ile rangi ya chungwa iliyokolea ambayo wakusanyaji huiita rangi ya boga, imechujuka pale mikono ya wapigaji ilipokuwa ikiegemea. Nyuma na ubavuni ni mbao ya birchi. Kibao chenyewe ni sprusi iliyochongwa, haikukunjwa. Hilo ndilo wazo la Orville Gibson, aliyepewa hataza Marekani mwaka 1898: mandolini ichongwe kwa namna ya fidla, badala ya lile tumbo la mviringo la mandolini za Napoli linaloungwa kwa vipande vyembamba. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902, wakati Wamarekani walikuwa wamepagawa na mandolini na kila mji ukitaka okestra yake. Ndiyo maana modeli A zimebaki nyingi hadi leo. Si chombo adimu, na hilo linanifaa, maana chombo adimu ningeogopa hata kukishika.

Nimeingiza kioo kidogo cha daktari wa meno na taa nyembamba kwenye tundu la sauti. Lebo ipo, karatasi imekuwa kahawia, jina la modeli na namba ya chombo vimeandikwa kwa mkono. Ndani zaidi, kwenye gogo linaloshika shingo, kuna namba nyingine iliyopigwa muhuri. Hiyo ni ya kundi la kazi kiwandani, haihusiani na namba ya chombo, na watu huzichanganya sana wanapotafuta mwaka. Nimezisoma zote mbili nikalinganisha na orodha: zinaangukia 1917.

Lakini kuna vitu viwili, na hapa ndipo nilipoanza kuwasha taa nyingine.

Cha kwanza ni daraja. Hili lina vipande viwili na magurudumu mawili ya kulipandisha na kulishusha. Daraja la aina hiyo lilipata hataza Januari 1921. Mandolini ya 1917 ilitoka kiwandani na daraja la kipande kimoja. Maana yake kuna mtu, baada ya miaka kadhaa, aliona urefu wa nyuzi haumfai akatafuta daraja jipya. Mwenye chombo cha kupamba ukuta hafanyi hivyo.

Cha pili, kinga ya piki haipo, ile sahani inayozuia kipande cha kupigia nyuzi kisikwaruze kibao. Kimebaki kibano chake cha chuma ubavuni, kimechongwa tarehe ya hataza, Machi 30, 1909. Kinga hizo zilikuwa za seluloidi, plastiki ya kale, na seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula metali iliyo karibu. Freti za juu (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole), upande ule ule wa kinga, zina ukungu wa kijani. Kwa hiyo ilioza ikiwa bado mahali pake, kisha mtu akaitupa. Alifanya vema. Ukinunua chombo cha umri huu na kinga ina harufu kali, imepasukapasuka au inanata, itoe na uihifadhi mbali na chombo, na mbali na moto pia, maana seluloidi hushika moto kwa urahisi na kuwaka kwa kasi.

Machi, kibao cha juu

Sasa ugonjwa wenyewe. Nimelaza rula ya chuma kukatisha kibao cha juu, kati ya daraja na tundu. Hapo kibao kilichochongwa kinapaswa kupanda kama mgongo wa kobe. Changu kimepanda ukingoni, kikafika katikati kikazama. Ukitazama kwa pembeni taa ikiwa chini, unaona bonde.

Modeli hii ina ukanda mmoja tu wa mbao chini ya kibao, umepita kukatisha karibu na tundu. Ndio unaobeba. Nikigonga kwa kidole upande wa nyuzi nene nasikia mlio wa kitu kilicholegea, tk, halafu kimya. Nimechukua kipande cha karatasi nikakipitisha ndani kwa koleo refu: upande huo karatasi inaingia kati ya ukanda na kibao, inatembea kama upana wa kidole gumba, kisha inagota. Upande mwingine haiingii kabisa. Kwa hiyo ukanda umeachia ncha moja. Haujavunjika.

Nilimpelekea fundi ninayemwamini, mzee ambaye hutengeneza fidla na magitaa na hana haraka na mtu. Aliigeuza, akainusa tundu (hufanya hivyo kwa kila chombo, sijawahi kumuuliza anatafuta nini), akagonga palepale nilipogonga mimi.

“Mzee, nikiiacha ilivyo?”

“Ukiiacha, mwanangu, ikae bila nyuzi. Ukiikaza, hilo daraja litaondoka na kibao.”

Hakuwa anatia chumvi. Nyuzi nane za mandolini zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 65 hadi 80 hivi, kutegemea unene wake. Sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ndiyo inayolisukuma daraja chini, lakini inasukuma mchana na usiku, na kibao kilichopoteza ukanda wake upande mmoja huendelea kuzama polepole bila kupiga kelele.

Akanipa masharti. Gundi iwe ya ngozi, ile inayopashwa moto, si gundi nyeupe ya dukani. Sababu ni kwamba gundi ya zamani ndani humo ni ya ngozi pia. Mpya huilainisha ile kongwe na kushikana nayo, na kesho mtu mwingine akitaka kufungua ataifungua kwa joto na unyevu. Gundi nyeupe haishikani vizuri na mabaki ya gundi ya ngozi, na aliyekuja baada yako atakulaani.

Machi, bado kibao cha juu

Kazi tuliifanya kwake, kwa zana zake na mikono yake zaidi ya yangu, maana tundu la duara dufu ni dogo na mkono wangu hauingii zaidi ya vifundo.

Kwanza alitengeneza jeki: skrubu fupi yenye nati katikati na visahani viwili vya mbao vilivyofunikwa ngozi. Unaiingiza ndani imelala, unaisimamisha kati ya kibao cha nyuma na ukanda, unazungusha nati kwa ncha ya bisibisi, robo duru, unasubiri. Jeki ilikaa humo siku kadhaa bila gundi yoyote, na kila alipopita karibu aliizungusha kidogo. Bonde likaanza kupungua. Hakutaka kulimaliza. Mbao iliyokaa imezama kwa miongo huwa imejenga umbo lake, na ukiilazimisha kurudi ilikotoka inapasuka kwa kufuata nyuzi za mbao yenyewe.

Kisha gundi. Inapashwa hadi nyuzijoto 60 hivi, ikizidi sana inapoteza nguvu, na ukishaipaka una muda mfupi mno kabla haijaanza kuganda. Kwa hiyo alikipasha moto kwanza kibao na ukanda kwa taa, akavuta gundi kwa bomba la sindano, akaisukuma kwenye ule mwanya. Akalegeza jeki kidogo, akaikaza tena, ili gundi ivutwe ndani. Uzi mwembamba wa gundi ukatokea upande wa pili wa ukanda. Tuliuona kwenye kioo. Hapo ndipo alipokaa chini.

Tumeiacha ikauke bila kuigusa. Karatasi haiingii tena upande wowote. Bonde lipo bado, dogo, na litabaki.

Aprili, nyuzi

Mashine za kukazia zilikuwa ngumu ila hazijavunjika. Mafuta kidogo, nta kwenye vifungo, zinazunguka.

Nyuzi nimechagua nyepesi, zinazoanzia inchi 0.010 kwa ile nyembamba. Wapo watakaosema mandolini bila nyuzi nzito haitoi sauti. Chombo hiki hakina fimbo ya chuma ndani ya shingo. Gibson walianza kuiweka miaka ya 1920. Shingo ikipinda hakuna nati ya kukaza ikarudi. Na kibao nimeshakieleza. Sauti nitaitafuta kwa mkono wa kulia.

Nimeipandisha polepole, jozi kwa jozi, siku ya kwanza chini ya noti yake, kesho yake hadi mwisho: G, D, A, E, sawa na fidla, A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde. Daraja nimelisogeza mpaka noti ya freti ya 12 ikalingana na ile ya kengele inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza mahali hapohapo. Rula niliilaza tena baada ya siku chache. Bonde halijaongezeka.

Aprili, sauti

Nilitegemea sauti ya kizee, nyembamba, ya kusinzia. Sivyo. Jozi ya G inatoka nene na ya giza, inakaa hewani muda mrefu kuliko mandolini yangu ya kila siku, na ukipiga jozi mbili za chini bila kuzibonyeza unausikia mgongo wa chombo ukitetemeka kifuani. Jozi ya E si kali. Ina utamu fulani wa juu ambao ile nyingine haina. Shingo ni nene, ya kizamani, imejaa kiganja. Siku ya kwanza niliichukia, siku zilizofuata kidole gumba kikaacha kuuma.

Nikaipeleka mazoezini. Kwenye blugrasi mandolini ndiyo ngoma: unabonyeza kodi (noti kadhaa kwa pamoja), unapiga kwenye mpigo wa nyuma, halafu unalegeza vidole sauti ife papo hapo. Hiyo ndiyo chopu, na inadai chombo kinachosema neno moja kikavu. Hii haikubali. Kila chopu inaacha mkia. Mpiga banjo wetu akanisikiliza nyimbo mbili kisha akasema, “Ndugu yangu, tunataka ikohoe, yenyewe inaimba.”

Wala si kasoro. Chombo hiki kilitengenezwa kabla ya kazi hiyo kuwapo. Mwaka 1922 Gibson walitoa F-5, chini ya usimamizi wa mhandisi wao Lloyd Loar: matundu ya f mahali pa tundu moja, shingo ndefu inayoungana na mwili kwenye freti ya 15, na daraja likaja katikati zaidi ya kibao. Kwenye A yangu shingo inaishia freti ya 12 na daraja limekaa nyuma. Ni chombo kingine. Ile F-5 iliyosainiwa Julai 9, 1923 ndiyo iliyoangukia mikononi mwa Bill Monroe, anayeitwa baba wa blugrasi, miaka ya 1940, na chopu tunayoiga sote ilikomaa pale. Wenye A ya tundu moja mwaka 1917 walikuwa wakipiga valsi na nyimbo za gwaride kwenye okestra, wakitetemesha noti ndefu.

Kwa hiyo hesabu ilionekana kufungwa: hainifai kwa kazi yangu, iuzwe. Niliandika hata tangazo.

Mei, freti

Tangazo halijatoka, na sababu ni freti.

Freti za chombo hiki ni za asili, nyembamba na fupi. Za chini zimelika hadi zina mabonde mawilimawili pale nyuzi zinapokaa, kiasi kwamba kwenye freti ya 2 na ya 3 uzi wa A unachakarisha. Kuzisugua zilingane haiwezekani tena, hakuna chuma cha kutosha. Ni kubadilisha.

Sasa, kama ninauza, jibu linajulikana. Usiguse. Mkusanyaji anataka kilichotoka kiwandani, hata kama kimelika, na kila kipande kilichobadilishwa kinashusha bei. Hata daraja la 1921 ningelivua nikatafuta la kipande kimoja la wakati wake. Vanishi nisiipolishi. Niifunge, niandike “freti zimelika, zinahitaji kazi”, nimwachie mnunuzi aamue.

Kama ninabaki nayo, jibu ni kinyume kwa kila kipengele. Freti mpya, pana kidogo kuliko zile. Daraja la 1921 libaki, kwa sababu linafanya kazi na kwa sababu mtu fulani aliliweka makusudi ili apige. Kizingiti cha mfupa pale kichwani, kinachozipanga nyuzi kabla hazijaingia shingoni, kichongwe upya kwa nyuzi nilizochagua. (Vanishi siigusi hata hivyo. Kupaka upya chombo cha zamani ni kukivua ngozi, na hakuna mpigaji aliyewahi kupiga vizuri zaidi kwa sababu kinang'aa.)

Nilikuwa nimelichukulia swali la kuuza au kubaki nayo kama la moyo, nikisubiri nijisikie. Fundi akalifanya la kazi. Alishika koleo la kung'olea freti, akaliweka mezani mbele yangu.

“Niambie ni ya nani, nijue pa kuanzia.”

Nilimwomba nikae nayo kwanza.

Mei, nimekaa nayo

Nimejaribu kuihukumu bila huruma. Haitakuwa chombo changu cha mazoezini. Inadai unyevu wa asilimia 40 hadi 55 ndani ya mkoba wake, na mtu wa kuutazama. Kibao kina historia, kikianza kuzama tena ni mimi na rula yangu. Fedha nilizoweka humo zimelala.

Upande wa pili kuna jambo ambalo nimeliona bila kulitafuta. Tangu ifike, jioni ile nyingine inabaki kwenye mkoba. Nimeanza kupiga vitu ambavyo sikuwa nikivipiga: nyimbo za polepole, jozi mbili pamoja, noti ndefu za kutetemesha zinazohitaji mkono wa kulia uliolegea ambao blugrasi haikunidai. Mandolini ya kisasa nikijaribu hivyo inanipa noti, lakini noti inakauka kabla sijafika kwenye inayofuata, nami naanza kukimbia. Hii inangoja. Nusu ya ninachokipiga sasa sikukijua Januari, na kimetoka kwenye chombo, si kwenye bidii yangu.

Nimeulizwa kama nisingeweza kuiuza hii nikanunua mpya ya tundu moja, isiyo na maradhi. Ningeweza. Nimezijaribu mbili za mafundi wa leo, nzuri, zenye fimbo ya chuma na shingo nyembamba. Moja ilikuwa bora kuliko hii kwa kila kipimo ninachoweza kukiandika, isipokuwa ile jozi ya G. Kwa jozi ya G peke yake nimekubali kubeba rula.

Nimemwambia fundi ang'oe.

Juni

Freti mpya zimeingia. Za zamani nimezitia kwenye bahasha, pamoja na kizingiti cha zamani na karatasi inayoeleza nini kilibadilishwa, lini, na gundi gani ilitumika kwenye ukanda. Bahasha inakaa ndani ya mkoba. Ikija kuhama mikono siku moja, mwenye kuipokea asihitaji kioo cha daktari wa meno kujua nilichofanya.

Ubao wa vidole ulikuwa na mashimo madogo ya kulika chini ya freti za kwanza; fundi aliyajaza kwa unga wa eboni na gundi, akasawazisha. Uzi wa A hauchakarishi. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 tumeushusha kidogo, ila si chini sana, maana ukishuka mno zile noti ndefu zinaanza kugonga chuma.

Mpiga banjo ameiomba kwa ajili ya valsi mbili tunazofungia. Kwenye blugrasi narudi na ile nyingine.

Yaliyobaki: kinga mpya ya piki, si ya seluloidi, itakayokaa kwenye kibano kile cha 1909 bila kutoboa chochote, kipimo cha unyevu cha mkobani, na rula juu ya kibao kila mwanzo wa mwezi, vipimo viandikwe hapa chini. Cha Juni: hakijasogea.